Redio zilipokataa kuongea: uchambuzi wa kisa cha mtandao wa dharura wa kaunti moja

Kisa hiki ni cha Marekani, nami sikuwepo. Nakitumia darasani kila ninapopata mafundi wapya wa simu za upepo, kwa sababu uchunguzi wake ulifanywa hadharani na taarifa zake zikachapishwa, jambo ambalo kwetu ni bahati kulipata. Majina ya mahali, watu, idara na kampuni nimeyaacha. Anayekijua atakitambua mara moja, na si neno. Asiyekijua hatapungukiwa kitu.

## Mazingira

Ni kaunti ya pwani yenye watu wanaokaribia milioni 2 na miji zaidi ya 30, iliyobanana kiasi kwamba unatoka mmoja na kuingia mwingine bila kujua. Baadhi ya miji ina polisi wake. Mingine haina, inamlipa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ailinde.

Miaka michache kabla ya kisa, kaunti ilikusanya vituo vya kupokea simu za 911, namba ya dharura ya Marekani, na kuongoza askari kwa redio chini ya mwavuli mmoja. Mji mmoja, ambao hapa nitauita mji jirani, haukujiunga. Ulibaki na polisi wake, kituo chake cha simu na mtandao wake wa redio. Siwalaumu haraka: mji unaotoza kodi yake hupenda kujua ni nani anayepokea simu ya mwananchi wake anapounguliwa nyumba.

Mji wa tatu ndio wenye shule. Ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa sherifu, lakini zimamoto na magari ya wagonjwa yalitoka mji jirani. Kwa hiyo anayepiga 911 kwa simu ya mkononi akiwa hapo alipokelewa na kituo cha mji jirani, na kama alihitaji polisi, simu ilihamishiwa kituo cha kaunti. Siku za kawaida mpangilio huo haukumuumiza mtu yeyote.

Mtandao wa redio wa kaunti ulikuwa wa tranki (nitaieleza hapa chini), wa kizazi kilichokuwa kinaelekea kustaafu. Viongozi walilijua hilo, na mpango wa kununua mpya ulikuwa mezani.

## Tranki inavyofanya kazi

Wengi wetu tulianza na simu ya upepo ya kawaida: idara moja, masafa yake, ripita yake (mtambo wa kupokea sauti na kuirusha upya) juu ya kilima. Trafiki wana chaneli yao, zimamoto wana yao, maji wana yao. Ni benki ambayo kila mteja amepangiwa dirisha. Dirisha la zimamoto linaweza kukaa tupu kutwa nzima huku foleni ya trafiki imefika barabarani.

Tranki ni benki ya foleni moja. Chaneli zote zinatiwa kapu moja na redio haimiliki masafa yoyote. Ina namba yake na kundi lake la mazungumzo, basi. Ukibonyeza kitufe, redio yako hutuma ombi fupi sana kwenye chaneli ya udhibiti: mimi ni namba fulani, nataka kuongea na kundi fulani. Kompyuta kuu inatafuta chaneli iliyo wazi na kutangaza, "kundi fulani, nendeni chaneli ya 4." Redio zote za kundi hilo zinahamia huko zenyewe, unasikia mlio mdogo wa ruhusa, unaongea. Ukiachia kitufe, chaneli inarudi kapuni na anayefuata anapewa. Ukifanya kazi na mtandao wa namna hii miaka mitano, huenda usijue hata siku moja uliongea kwenye masafa gani.

Faida yake inahesabika. Hesabu zenyewe ni za Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen mwanzoni mwa karne ya 20. Chukua chaneli moja pekee, na useme hutaki zaidi ya maombi 2 kati ya 100 yakute imeshikwa. Chaneli hiyo itabeba dakika 1 na ushei tu ya maongezi kwa saa. Chaneli 10 zilizotengwa namna hiyo zitabeba dakika 12 hivi zote kwa jumla. Sasa zitie chaneli hizo 10 kapu moja, kwa sharti lilelile: zitabeba dakika 305. Mitandao ya redio huwaweka watu kwenye foleni badala ya kuwakataa papo hapo, hivyo namba zake hutofautiana kidogo, lakini mwanafunzi akiona 12 na 305 ubaoni haulizi tena kwa nini serikali hununua tranki.

Kuna mlango mmoja, hata hivyo, ambao kila mtu lazima apite: ile chaneli ya udhibiti. Hapo hakuna foleni. Redio mia zinaweza kutuma maombi yao kwa nukta ileile, na mawili yakigongana yote yanapotea, kila redio inasubiri kidogo na kujaribu tena. Aghalabu kanuni inayotumika ni ya ukoo wa ALOHA, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ukomo wake ni wa kihesabu: hata muda ukigawanywa vipandevipande kwa ustadi, ni vipande 37 tu kati ya 100 vitakavyopitisha ombi salama. Ukisukuma zaidi ya hapo, kinachoongezeka ni migongano. Rudi kwenye benki. Madirisha 10 yanaweza kuwa na wahudumu waliokunja mikono, huku mlangoni mgawa-namba amezingirwa na watu 200 wanaopiga kelele kwa pamoja, asimsikie hata mmoja.

Wala si wanaotaka kuongea tu wanaoupita mlango huo. Redio ikiwashwa inajiandikisha hapo. Ukigeuza kitufe kuhamia kundi jingine, inatoa taarifa hapo. Ukibonyeza kitufe cha dharura, hapo. Ukihama kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, hapo.

## Tukio la kwanza: uwanja wa ndege

Mtu mmoja alifyatua risasi kwenye eneo la kuchukulia mizigo. Watu 5 walikufa. Alikamatwa ndani ya dakika 2 hivi, peke yake, risasi zikiwa zimemwishia.

Kwa maana ya ulinzi, tukio lilikuwa limekwisha. Kwa maana ya redio lilikuwa halijaanza. Askari walimiminika kutoka kila pembe ya kaunti, wengi wao bila kuitwa, kila mmoja na redio kiunoni na kila redio ikijiandikisha na kutafuta kundi linalozungumza habari za uwanja. Saa moja na nusu hivi baadaye ukazuka uvumi kwamba kuna mpiga risasi wa pili. Abiria wakatawanyika, wengine wakakimbilia kwenye njia za ndege. Askari waliokuwa wametapakaa kila jengo wakabonyeza kwa wakati mmoja, wakitaka kuuliza au kukanusha.

Mtandao ulizidiwa. Taarifa ya tathmini ilipoandikwa, udhaifu wa redio ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa.

## Tukio la pili: shule

Miezi 13 ikapita. Saa nane na dakika ishirini hivi mchana, kijana mwenye bunduki aliingia kwenye jengo la shule ya sekondari. Tangu risasi ya kwanza mpaka alipotoka nje na kujichanganya na wanafunzi waliokuwa wakikimbia ni kama dakika 6. Watu 17 walikufa.

Simu za kwanza za mkononi ziliita kituo cha mji jirani, kama ilivyopangwa. Waliopokea walisikia milio ya risasi na sauti za watoto. Polisi wa mji jirani wakapelekewa habari hizo kwenye mtandao wao. Askari wa sherifu, ambao shule hiyo ilikuwa yao kisheria, walikuwa kwenye mtandao mwingine na hawakuzisikia. Kilichowafikia kilipitia simu iliyohamishwa na opereta wa pili. Askari wa mavazi mawili walisimama karibu karibu kwenye uwanja mmoja wa nyasi, masikioni mwao kuna matukio mawili tofauti.

Ilijaribiwa kuunganisha chaneli za pande mbili ili wote wasikilizane. Haikufaulu.

Kadiri askari walivyozidi kufika, yale ya uwanja wa ndege yakajirudia. Redio zikaanza kutoa mlio wa kukataliwa. Mtandao wa kaunti ulikuwa umejibana wenyewe: ukifikia ukomo, huanza kuzizuia na kuzichelewesha redio zisitume kwa pamoja, ili usizimike wote. Anayebonyeza anasikia mlio, anaachia, anabonyeza tena. Kamanda wa kikosi maalumu alieleza baadaye kwamba ndani ya jengo askari wake walilazimika kuongea kwa ishara za mikono.

Jambo jingine halikuhusu minara kabisa. Mtu mmoja alikuwa anatazama picha za kamera za shule na kusimulia alipo mpiga risasi: yuko ghorofa hii, anashuka ngazi ile. Kilichomfikia askari ni kwamba picha ni za muda huo huo. Kumbe zilikuwa zimerudishwa nyuma zaidi ya dakika 20. Walimfuata kwa tahadhari, hatua kwa hatua, mtu aliyekuwa ameshatoka zamani.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni wa mji jirani kubaki na mtandao wake. Nimeshausema, na sababu yake inaeleweka. Kilichokosekana ni njia ya kudumu ya kuunganisha mitandao miwili, iliyowekwa mapema na kujaribiwa kila wiki. Uunganishaji wa kupangwa papo hapo unamtaka opereta aliyezongwa na simu aombe, apewe, ajaribu, aulize kama wanasikika. Mwenye simu kumi za vilio mezani hawezi.

Wa pili ni wa kaunti: kusubiri mtandao mpya badala ya kumwaga fedha kwenye wa zamani. Mhasibu yeyote angekubali. Lakini mtandao mpya ulihitaji minara mipya, na mji mmoja wa ufukweni uligoma mnara usisimamishwe kwenye bustani ya umma. Mvutano ukaendelea. Wataalamu wanapochora ramani ya mawimbi huona mnara kama nukta; wakazi huona chuma kirefu kinachowaharibia machweo. Wote wanasema kweli. Ila muda wa mvutano ulilipwa na mtandao mkongwe.

Wa tatu ni wa wahandisi walioubuni mtandao: ukizidiwa, jibane usife. Nitaurudia huu kwenye uchambuzi.

Wa nne haukuamuliwa na mtu yeyote. Askari aliyesikia "shule" akageuza gari. Ungekuwa wewe una mtoto pale, ungegeuza pia.

## Matokeo

Tume iliundwa, ikahoji watu, ikasikiliza rekodi za redio sekunde kwa sekunde. Sitasema redio ndizo zilizoua. Dakika zile 6 zilikuwa chache mno, na msongamano mkubwa ulikuja askari walipokuwa wengi. Tume nayo haikukubali redio iwe kisingizio cha kila kosa la uongozi: aliyeshindwa kupata nafasi hewani alikuwa bado na miguu na sauti. Redio zilichokwamisha ni kazi ya baadaye, yaani kusaka, kuthibitisha sehemu salama, kuwaelekeza wabeba machela.

Mgogoro wa mnara ulikwisha zaidi ya mwaka mmoja baadaye, pale ilipokubaliwa kwamba vifaa vipandishwe juu ya paa la jengo refu. Mtandao mpya, wa P25, yaani kiwango cha redio za dijitali za usalama cha Marekani, ukafuata.

## Uchambuzi

Watu wengi wakisoma kisa hiki hudhani chaneli zilikuwa chache. Si zingeongezwa tu? Hapana, swali la kwanza ni la mlangoni. Mtandao wa tranki hupimwa kwa dakika za maongezi, zile za Erlang, na kwa kipimo hicho kaunti ilikuwa na siku nyingi njema. Siku ya balaa mzigo hubadilika sura. Maongezi yenyewe ni mafupi, lakini vibonyezo ni vingi: askari 300 wanaowasha, wanaogeuza makundi kutafuta habari, wanaobonyeza, wanaokataliwa na kubonyeza tena. Kila kukataliwa kunazaa vibonyezo vingine. Mlio ule wa kukataliwa, kwa fundi, ni ujumbe: subiri. Kwa askari aliye kwenye korido yenye moshi wa baruti ni ujumbe wa kwamba redio imekufa, basi anabonyeza kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo ninapoutetea uamuzi wa wahandisi. Kujibana kulifanya kazi yake, mtandao haukuzimika. Ubaya ni kwamba ulibana bila kuchagua. Kamanda anayetaka kuelekeza kikosi na askari wa mji wa mbali anayetaka kuuliza "vipi huko?" walikataliwa kwa mlio mmoja. Mitandao hii ina uwezo wa vipaumbele, na kwenye TETRA, kiwango cha tranki kinachotumika sana Ulaya, kuna hata simu ya dharura inayoweza kumwondoa anayeongea. Lakini kipaumbele hupangwa kwenye kompyuta wakati wa amani, kundi kwa kundi, na watu wanaokubali kwamba fulani aongee kabla yao. Nimeona vikao vya namna hiyo. Kila idara huingia ikiwa ya kwanza na kutoka ikiwa ya kwanza.

Mtandao wa mji jirani, kwa kuwa ulikuwa peke yake, haukubebeshwa mzigo wa kaunti. Ukuta uleule uliowazuia askari wasisikilizane ndio uliozuia mafuriko yasivuke. Hili huwasumbua wanafunzi wangu, nami huliacha liwasumbue, kwa sababu wauzaji wa mitandao mikubwa huhubiri muungano kana kwamba hauna gharama. Ukiunganisha mitandao miwili, kila neno linalosemwa upande mmoja linachukua chaneli pande zote mbili. Unachotaka ni kundi moja la pamoja, la makamanda wachache, na wengine wakae kwao.

Gharama hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye mitandao ambayo kila mnara una masafa yake. Humo maongezi ya kundi hupelekwa kwenye kila mnara wenye japo redio moja iliyojiandikisha kundini. Askari mmoja wa wilaya ya mbali akija mjini "kusaidia" na redio yake ikabaki kwenye kundi la nyumbani, kila mwizi wa kuku wa wilaya yake atachukua chaneli kwenye mnara wa mjini, mbele ya watu wanaozima moto. Hajasema neno. Amesikiliza tu. Brussels, tarehe 22 Machi 2016, siku ya mabomu ya uwanja wa ndege na treni ya chini ya ardhi, mtandao wa TETRA wa Ubelgiji ulielemewa katikati ya jiji na baadhi ya askari wakahamia WhatsApp. Huku kwetu tungekimbilia hukohuko, na tungekuta wananchi wameshatutangulia kuzijaza simu.

Kuhusu mitandao miwili kwenye tukio moja, msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali. Westgate, Nairobi, Septemba 2013: polisi na jeshi waliingia jengo moja bila kuelewana vya kutosha, na afisa wa kikosi cha polisi akauawa kwa risasi za wenzake.

Suala la kamera ni dogo kwa urefu, ila ndilo ninalolisisitiza zaidi, maana halihitaji bajeti. Habari ilipita mdomo hadi mdomo, na ilipofika kwa askari ilikuwa imevuliwa saa yake. Darasani sasa ujumbe wowote wa kuonwa na jicho la mtu mwingine unaanza na muda: "Saa nane na ishirini na tatu, kwenye picha, anashuka ngazi ya mashariki." Sekunde mbili zaidi hewani. Mara ya kwanza wanafunzi hucheka, wanasema tunafanana na watangazaji wa taarifa ya habari.

Zoezi jingine ninalofanya ni la mlio. Nawagawia redio 20, naacha chaneli moja tu ya maongezi, naamuru wote wabonyeze. Kisha nawaambia kanuni: ukikataliwa, achia, hesabu mpaka tano, bonyeza mara moja. Kundi linalohesabu humaliza kupitisha ujumbe wote mapema kuliko linalong'ang'ania. Hawaamini mpaka tulirudie.

Mtandao mpya wa kaunti ile una kasi kubwa zaidi kwenye chaneli ya udhibiti na minara zaidi, ili mawimbi yafike hata ndani ya majengo mazito. Lakini kwa kawaida mtandao wa P25 ambao minara yake yote hurusha masafa yaleyale kwa pamoja, ikilinganishwa saa kwa setilaiti, huhesabika kama mnara mmoja mkubwa: eneo zima, chaneli moja ya udhibiti. Redio ya askari aliye ufukweni na ya aliye kwenye vinamasi upande wa pili bado zinagonga mlango uleule.